Picha za watu kwenye baridi ya Julai: mwongozo kamili wa kuzipiga kwenye Milima ya Ngong

Ikifika Juni, wapiga picha wengi wa Nairobi hukunja kazi za nje. Wingu limeshuka, kila mtu amejifunga sweta, na wateja wanauliza kama una studio. Mimi naona kinyume. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye mwanga mzuri kuliko yote kwa sura ya mtu, mradi ukubali jambo moja: kule juu, baridi humfikia mtu kabla ya kuifikia kamera. Picha nyingi za mlimani huharibika kwa sababu aliyesimama mbele ya lenzi alikuwa akitetemeka, wala si kwa kosa la lenzi. Kwa hiyo hapa tutaanza na mtu, tufuate mwanga, na kamera ingoje zamu yake.

Nimeichagua Ngong kwa kuwa iko karibu na mji, lakini haya yote yanafaa pia Limuru, Kinangop au mteremko wa Kijabe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana majani yao ya manjano ya Oktoba. Sisi tuna ukungu, nyasi na Bonde la Ufa, na sioni tulichopungukiwa.

Hatua ya 1: Ijue baridi unayoiendea

Baridi yetu huletwa na kusi, ule upepo unaotoka kusini-mashariki ukiwa umebeba ubaridi na unyevu wa Bahari ya Hindi. Ukipanda nyanda za juu hugeuka wingu la chini, na juu ya wingu hilo hulala tabaka la hewa yenye joto zaidi linalolizuia lisipande na kuwa mvua ya maana. Basi wingu linakaa tu, kijivu, na manyunyu ya hapa na pale. Kwa mkulima anayeanika mahindi ni balaa. Kwa mpiga picha ni kitambaa cheupe kilichotandazwa mbinguni bila malipo.

Sasa hesabu ya joto. Katikati ya mji ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha juu cha Ngong ni mita 2,460. Kwa wastani hewa hupoteza nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji ukiwa na nyuzi 15 asubuhi, kileleni tarajia 10, na hapo upepo hujauhesabu. Anayetoka South B mjini na blauzi nyepesi hana habari hiyo. Mwambie siku moja kabla, na umwambie tena asubuhi.

Mgongo wa Ngong umelala kaskazini kwenda kusini. Mashariki unatazama Nairobi, magharibi unatazama Bonde la Ufa. Wingu huja kutoka mashariki, likivuka mgongo linaanza kushuka, na hewa inaposhuka hupata joto na ukungu huyeyuka. Ndiyo maana mara nyingi utaukuta upande wa Nairobi umezama kwenye ukungu mweupe, huku upande wa bonde ukiona hadi mbali. Kwa hiyo usikate tamaa ukiwa bado Karen na huoni mbele. Panda kwanza.

Kuhusu saa, jua letu huchomoza na kutua karibu saa 12 na nusu, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta hupanda na kushuka karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa kwenye miongozo ya ughaibuni, kwetu ni kama nusu saa hivi, na mwezi wa Julai mara nyingi umefichwa na wingu. Simshauri anayeanza aamke saa 10 za usiku kuufukuzia. Saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana wingu bado limefunika, mwanga ni mwingi na laini, na watu wameshakunywa chai. Alasiri wingu likipasuka, hamia mteremko wa magharibi, ambako jua la saa 11 huja moja kwa moja kutoka upande wa bonde.

Hatua ya 2: Lango, nauli na ruhusa

Matatu za namba 111 hukufikisha mji wa Ngong, kisha unachukua bodaboda hadi langoni. Milima hiyo ni msitu unaosimamiwa na Huduma ya Misitu, KFS, na kuingia ni kwa tiketi. Usitegemee pesa taslimu, beba simu yenye salio la pesa. Ukiwa na vifaa vya kazi, yaani stendi, taa na mteja, jitambulishe langoni kabla hujaulizwa, na uulize ada ya picha za biashara na saa ya kufunga. Mkipanga kwenda mbali na lango, ombeni askari wa msitu awasindikize. Kamera na mgongo mtupu wa mlima si jambo la kufanyia ujasiri. Droni nayo ina sheria zake: lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Kama picha itatumika kwenye tangazo au ukurasa wako wa biashara, pata idhini ya mwenye sura kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya wazi, na kwa mtoto unahitaji idhini ya mzazi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye jina na tarehe ni bora kuliko makubaliano ya mdomo.

Hatua ya 3: Mavazi

Nguo za mlimani ni za tabaka. Ndani fulana ya kubana inayohifadhi joto, juu yake sweta, juu kabisa vazi la picha. Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, imejaa makoti ya sufu yaliyoshonewa baridi kali kuliko yetu, na koti refu la namna hiyo huanguka vizuri mwilini na haliruki ovyo na upepo. Chagua rangi zinazosimama mbele ya kijani na kijivu: haradali, maruni, rangi ya matofali, kahawia nzito, bluu iliyokolea. Kijani cha nyasi kitammeza mtu. Nyeupe kwenye ukungu huacha kichwa kikielea bila kiwiliwili.

Shuka nyekundu ya Kimaasai hung'aa ajabu kwenye ukungu, na inatia joto kweli. Ila Ngong ni Kajiado, watu wenyewe wanakupita hapo na ng'ombe wao. Mteja ajifunike tu kama shuka, basi. Kumvika mteja shanga za kuazima na kumshikisha rungu ni kumfanya kichekesho.

Nywele zipangwe kwa upepo. Rasta na mabutu hazina shida. Wigi ni hadithi nyingine: lifungwe kwa pini za kutosha, na mtu aelekee upepo unakotoka ili nywele zirudi nyuma badala ya kumfunika uso. Kofia ya sufu, skafu na glovu ziwepo kwenye begi hata kama hazitaonekana pichani. Viatu viwe vya kukanyaga matope, na vile vizuri vibebwe kwenye mfuko.

Hatua ya 4: Ngozi

Hapa sitaharakisha, maana ndipo miongozo mingi ya kigeni inapotuacha.

Upepo na baridi huipausha ngozi kwa dakika chache. Mtu ametoka nyumbani akiwa amejipaka, anafika kileleni midomo imechanika na vifundo vya vidole vimekuwa kijivu. Kamera ya leo inaona kila kitu. Beba chombo kidogo cha mafuta mazito, Vaseline au siagi ya shea, na umpe ajipake usoni, midomoni, mikononi, na kwenye vifundo vya miguu kama viko wazi. Kabla ya kila mkupuo wa picha, angalia mikono kwanza. Uso watu huukumbuka wenyewe.

Mafuta hayo yana kazi ya pili. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli: ule mstari mwembamba wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, kwenye paji. Chini ya wingu mwanga ni laini mno kiasi kwamba ngozi kavu huonekana bapa, bila uhai. Mafuta kidogo huurudisha mng'ao huo. Poda za kukausha ngozi zinafaa kwenye taa kali za studio. Huku mlimani, chini ya wingu, ziache nyumbani. Jua likitoka ndipo utampangusa kidogo kwa tishu.

Kisha kuna kipimo cha mwanga. Kamera hukisia kwamba kila unachoilenga ni kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukungu mweupe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa giza. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze kati ya 0.7 na 1. Ukisogea karibu hadi uso mweusi ujaze fremu, mambo hugeuka: kamera inaona weusi, inaongeza mwanga kupita kiasi, na mtu anatoka mweupe kuliko mama yake anavyomjua. Hapo punguza, 0.3 hadi 0.7. Kwa hiyo kila unapobadilisha umbali, badilisha na kipimo. Kuza picha kwenye kioo na uangalie paji la uso: kama mng'ao umegeuka doa jeupe lisilo na rangi, umezidisha.

Si bahati mbaya kwamba mambo haya hatukuyakuta kwenye vitabu vya zamani. Kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1950, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Aliyekuwa mweusi alijipanga mwenyewe. Kamera zimeboreka, lakini macho yako yabaki kuwa mwamuzi.

Mkiwa kundi la watu wa rangi mbalimbali za ngozi, mweusi zaidi asimame upande mwanga unakotoka. Tofauti itapungua bila kugusa kompyuta.

Hatua ya 5: Mahali pa kusimama

Kabla ya kutafuta mandhari, tafuta kinga ya upepo. Ngong imekufanyia kazi nusu: ile mitambo ya KenGen ya kuzalisha umeme, ambayo ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993, huelekeza uso wake upepo unakotoka. Tazama mapanga yameelekea wapi, kisha teremka kidogo upande wa pili wa mgongo. Mara nyingi hiyo ina maana upande wa magharibi. Hatua chache tu chini ya ukingo, kelele hupungua na nywele hutulia.

Mapanga yenyewe yakiingia kwenye picha, yaweke mbali na kichwa cha mtu. Panga linaloota sikioni haliondoki kirahisi wakati wa kuhariri.

Ukungu una umbali wake. Mtu akiwa mita 2 au 3 kutoka kwako ataonekana vizuri, na miti iliyo mita 30 nyuma yake itafifia. Hilo ndilo unalolitaka: tabaka moja lililo wazi na mengine yanayoyeyuka. Mrudishe mtu mita 15 naye ataanza kuyeyuka. Wakati mwingine ni picha nzuri, lakini si picha ya sura tena.

Hatua ya 6: Upande wa mwanga

Watu husema siku ya mawingu mwanga hauna upande. Unao. Hutoka juu, na ndiyo maana utaona macho yamezama kwenye mashimo na kivuli kimekaa chini ya pua. Dawa yake ni tatu. Mwambie ainue kidevu kidogo, vidole viwili hivi. Au panda wewe kwenye jiwe, umpige picha kutoka juu kidogo, ili autazame mwanga. Au weka kitu cheupe chini ya kifua chake, nje ya fremu: karatasi ya manila, leso nyeupe iliyokunjuliwa, au ile ngao ya fedha ya kuzuia jua kwenye kioo cha gari. Ya fedha ina nguvu, isogeze mbali kidogo. Lazima iwe na mtu wa kuishika, maana ikikutoroka kwa upepo wa Ngong utaikuta Kiserian.

Ukitaka kivuli cha upande mmoja, kinachochonga uso, usiongeze mwanga. Uzuie. Msogeze mtu kando ya kichaka kikubwa, ukuta au gari jeusi, na upande huo wa uso utatiwa giza kidogo. Mteremko wenyewe hufanya kazi hiyo ukisimama chini ya ukingo.

Flashi ya kamera iache imezimwa penye ukungu. Mwanga wake hugonga matone ya maji hewani na kukurudishia madoa meupe.

Hatua ya 7: Kamera na simu

Kwa mtu mmoja, lenzi ya milimita 85 au 50 inatosha. Lenzi ndefu ya 200 inapendeza kwenye uwanda tulivu, lakini upepo ukivuma utakuwa unampigia mtu kelele kutoka mbali, na sura ya anayepigiwa kelele unaijua.

Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Upepo ukitikisa nywele na skafu, nenda 1/500. Tundu la lenzi (namba ndogo ya f ni tundu kubwa), f/2.8 kwa mtu mmoja, f/5.6 kwa kundi. Najua f/2 au f/1.8 inavutia, ila fanya hesabu: kwa lenzi ya 85 kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame), ukiwa mita 2, f/2 inakupa unene wa sentimita 6 au 7 tu ulio wazi. Mtu anayesukumwa na upepo huyumba zaidi ya hapo bila kujua. Weka fokasi ya kufuatilia, ishike jicho lililo karibu nawe. ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, iache ipande hadi 800 au 1600, chembechembe kidogo hazijawahi kuua picha nzuri, lakini picha iliyotikisika imekufa.

Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya wingu, au kama 6,500 Kelvin, ili kuondoa ubuluu wa siku ya kijivu. Piga RAW, yaani faili ghafi lisilochakatwa, kama kamera inakubali.

Kwa simu: tumia lenzi ya kukuza mara 2 au 3, usitumie ile pana inayovuta pua. Bonyeza juu ya uso na ushikilie hadi kipimo kijifunge, kisha shusha au pandisha mwanga kwa kidole. Modi ya potreti huchanganyikiwa na nywele zinazopepea, kwa hiyo piga nyingine bila modi hiyo.

Betri ya pili ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu betri baridi huisha mapema. Kitambaa cha kufuta lenzi kiwe kikavu, na hudi ya lenzi, ile inayochomoza mbele ya kioo, ivaliwe muda wote ili kukinga manyunyu.

Hatua ya 8: Mtu mwenyewe

Jifunze kuisoma baridi mwilini. Kwanza mabega hupanda kuelekea masikioni. Kisha taya hukaza na tabasamu linabaki kwenye midomo peke yake. Mikono hujificha, pua inaanza kutiririka, macho yanatoa machozi kwa upepo. Ukiona mabega yamepanda, simamisha. Picha utakazopiga baada ya hapo zote zitakuwa na mabega hayo.

Fanya kazi kwa mikupuo mifupi ya dakika 5 hivi, kisha koti litupwe juu yake. Wakati wa kupima mwanga, asisimame yeye bila koti. Apimiwe mwenzake, au wewe mwenyewe unyooshe mkono mbele ya lenzi. Amua fremu, mahali, kipimo, kisha ndipo umwambie: "Sawa dada, vua koti." Chai ya tangawizi kwenye thermos ni kifaa cha kazi kama lenzi. Mtu akishika kikombe cha moto, mikono inapata la kufanya, mabega yanashuka yenyewe, na mara nyingi picha bora ya siku inatoka hapo, mvuke ukipanda mbele ya uso wake.

Maelekezo yawe ya mwili, si ya hisia. Ukimwambia mtu anayetetemeka "kuwa huru", unamwongezea mzigo. Mwambie: "Mama, vuta pumzi… sasa itoe polepole." Piga anapoitoa. Mwambie afumbe macho na kuyafumbua kwa hesabu yako ya tatu, hapo machozi ya upepo hayajapata nafasi. Watembeze: kutoka hapa hadi kwenye lile jiwe na kurudi, wakizungumza. Wachumba wasimame wamekumbatiana ndani ya shuka moja. Ni joto kwanza, na upendo hujionyesha wenyewe.

Nyanya akiwepo, abebewe kiti cha plastiki na blanketi, na apigwe picha wa kwanza kabla ya wote, akarudi garini. Watoto wapigwe picha wakikimbia. Mtoto akisema anahisi baridi, muamini mara ya kwanza.

Hatua ya 9: Kushuka na kukabidhi

Mkiingia mkahawani Ngong kupasha mwili joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa. Kioo baridi kikikutana na hewa ya joto yenye mvuke wa supu, umande hushika hadi ndani ya lenzi. Toa kadi ukiwa bado nje kama una haraka ya kuziangalia picha, na begi ulifungue baada ya nusu saa hivi.

Kwenye kuhariri, jizuie. Ongeza joto la rangi kidogo, kwa ngozi zaidi kuliko kwa anga, maana ukipasha picha nzima ukungu unakuwa na rangi ya chai na Ngong inageuka Garissa. Ukungu wenyewe usiusafishe. Kile kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye programu ya Lightroom kikivutwa sana kinatia giza na makovu kwenye ngozi. Macho angaza kidogo, wekundu wa pua kwa wenye ngozi nyeupe upunguze, machozi yaondoe. Rangi ya mtu usiiguse.

Mwishowe usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zitabanwa zipoteze ule mng'ao wa shavuni ulioutafuta mlima mzima. Zitume kama faili la waraka, au weka kwenye Google Drive na umpe mteja kiungo, pamoja na toleo dogo kwa ajili ya statasi yake.